Jiwe Mgeni

Tafakari ya wiki
Masomo: Ayubu 28:1–11, Luka 6:43–45



Jumapili ya tarehe 19 Septemba 2021, muda mfupi baada ya saa tisa alasiri, mlima ulipasuka huko La Palma, mojawapo ya Visiwa vya Kanari, vilivyo chini ya Hispania katika bahari ya Atlantiki. La Palma ni kisiwa cha ndizi. Lava iliteremka kutoka Cumbre Vieja, ikaingia migombani, ikafukia barabara, ikabisha hodi majumbani bila kungoja kukaribishwa. Watu kama 7,000 walihamishwa. Jumapili iliyofuata, tarehe 26, lava ikafika kwenye kanisa la kijiji cha Todoque. Niliitazama video yake kwenye simu: mnara wa kengele ulisimama kitambo kama unaofikiri, kisha ukainama, ukatoweka katika vumbi. Moto ule ulidumu siku 85, hadi tarehe 13 Desemba, na ulipozimika, majengo yapatayo 3,000 yalikuwa yameharibiwa.

Kabla ya yote, niondoe neno moja lililosemwa na wengi. Si kazi yetu kusema kwamba mlima ulitumwa kuwaadhibu watu wa Todoque. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka sura ya 13, alitajiwa habari za msiba, naye akawakumbusha wasikilizaji wake watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, na jibu lake lilikuwa hapana. Mnara wa Siloamu na mnara wa Todoque tuiache mikononi mwa Mungu, nasi tuwalilie waliopoteza nyumba, kwa maana ndilo tuliloagizwa.

Neno ninalotaka tulitafakari wiki hii ni jingine. Ni neno lililosemwa siku ile La Palma, na ndilo tunalolisema sisi kila nyumba inapowaka moto: *ghafla*. Mlima umelipuka ghafla. Mume wangu amebadilika ghafla. Binti yetu ametoroka ghafla. Je, ni kweli ilikuwa ghafla?

Nina jiwe mezani kwangu ofisini. Aliniletea kijana mmoja aliyesoma jiolojia, nilipomwomba anifafanulie somo la Ayubu 28. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mtoto. Kwa nje ni jeusi, lina vitundu vingi kama kitumbua kilichoungua. Lakini upande mmoja limevunjika, na hapo ndipo pa kushangaza: ndani ya weusi ule kimekaa kipande cha jiwe jingine, la kijani cha chupa, chembechembe zake kubwa kama chumvi ya mawe. Ukilipeleka dirishani asubuhi, zile chembe zinashika jua moja moja. Halikutoka mbali. Limetoka Lashaine, kilima kidogo cha volkano karibu na Monduli, ambacho wataalamu wamekuwa wakikichunguza tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya mawe ya namna hii.

Kijana akanieleza hivi. Ule weusi ni lava iliyoganda. Ile kijani haikuzaliwa na lava. Ni kipande cha tabaka la dunia lililo chini ya ukoko tunaoukanyaga, tabaka ambalo hakuna mwanadamu aliyelifikia kwa kuchimba. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipokuwa ikipanda, ilimega vipande vya kuta za njia yake, ikavibeba mpaka juu. Mwamba huo wa kijani huitwa peridotiti, na chembe zake zilizo nyingi ni olivini. Kipande chenyewe, kwa kuwa kimekaa ndani ya mwamba usio wake, wataalamu wamekipa jina la zenolithi.

Hapo nilishtuka, maana nusu zote mbili za jina hilo tulifundishwa chuoni, katika darasa la Kigiriki. *Lithos* ni jiwe. *Xenos* ni mgeni. Ni neno lilelile lililoandikwa katika Mathayo 25, pale Mfalme anapojitambulisha kuwa alikuwa mgeni, na wengine walimkaribisha na wengine hawakumkaribisha. Basi ninachokishika mkononi ni jiwe mgeni, lililoingia katika nyumba ya mwamba mwingine. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikujua kwamba hata chini ya milima mambo ni hivyohivyo: ukitaka kumjua magma, mwulize mgeni wake.

Namna ya kumwuliza ni hii. Jiwe hukatwa, likasagwa mpaka likawa utando mwembamba, sehemu tatu tu za mia moja za milimita, kiasi kwamba mwanga unapita. Kisha hutazamwa kwa darubini, na kupimwa chembe kwa chembe kwa mashine inayorusha elektroni. Olivini inayotoka chini kabisa ina magnesiamu nyingi na chuma kidogo. Kama nafasi zingekuwa kumi, tisa ni za magnesiamu na moja ya chuma. Magma inayoibeba ina chuma zaidi. Mgeni na mwenyeji wakigusana katika joto lile la zaidi ya nyuzi 1,000, chuma huanza kupenya taratibu kutoka ukingoni kuelekea ndani ya chembe, na magnesiamu hutoka nje. Kadiri wanavyokaa pamoja, ndivyo ule ukingo uliobadilika unavyopanuka.

Akina mama wanalijua jambo hili kuliko maprofesa. Tia kiazi kizima katika mchuzi wenye manjano. Kikikaa dakika chache, ukikikata utaona ngozi tu ndiyo imeshika rangi, na ndani bado ni cheupe. Kikikaa saa nzima, umanjano umeingia mpaka ndani. Ukipewa kiazi hicho kwenye sahani, wewe ambaye hukuwapo jikoni, unaweza kusema kilikaa mchuzini muda gani. Tena kama kiazi kimevunjika wakati wa kupakua, utalijua na hilo: pande zake za nje zina rangi, lakini pale kilipovunjikia pamebaki peupe, kwa sababu upande huo mchuzi haujaugusa ila sasa hivi.

Ndicho alichokifanya mwanajiolojia Andreas Klügel, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1998, kwa mawe ya La Palma hiyohiyo. Mlima ule haukuanza kulipuka mwaka 2021. Ulilipuka mwaka 1971, na kabla yake mwaka 1949. Mlipuko wa 1949 ulianza tarehe 24 Juni, siku ya ukumbusho wa Yohana Mbatizaji, na hata leo watu wa kule wanauita mlipuko wa San Juan. Uliendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja, na lava yake ilitoka na mawe wageni mengi, ya kijani na ya rangi nyingine, yamejaa kama njugu katika kashata.

Klügel alipoyasoma mawe hayo, alikuta saa mbili ndani ya jiwe moja. Pande za nje zilikuwa na ukingo mpana. Ukingo huo ulihitaji miaka, na kwa baadhi ya mawe makumi ya miaka, katika joto la magma. Lakini pande zilizovunjika zilikuwa safi, karibu hazina ukingo. Hizo ziliiona magma kwa saa au siku chache tu kabla ya kutoka nje. Maana yake, mawe yale yalimegwa zamani, yakakaa katika maghala ya moto chini ya kisiwa, wakati juu watu wanapanda migomba, wanaoa, wanabatiza watoto, wanazika wazee wao. Kisha ikaja safari ya mwisho, fupi na ya haraka, iliyoyapasua na kuyatupa juani. Watu waliiona safari ile fupi, wakaiita ghafla. Jiwe linashuhudia ile miaka.

Nilipoyasikia hayo nilimkumbuka mwenye siku ile, Yohana. Mwishoni mwa sura ya kwanza ya Luka tunaambiwa kwamba mtoto yule alikua, akakaa majangwani mpaka siku ya kudhihirishwa kwake. Mstari mmoja tu, na ndani yake miaka mingi ya ukimya. Sauti iliyopasuka kando ya Yordani haikutungwa asubuhi ile. Kwa hiyo, ndugu zangu, tusidhani kwamba kinachokaa chini kwa muda mrefu ni uovu tu. Hata wema hupikwa sirini. Lakini lolote lililopo, jema au baya, lina miaka yake.

Katika chembe za olivini mna pia vipovu vidogo mno vya hewa ya kaboni dayoksaidi, vilivyonaswa fuwele, yaani chembe hiyo, ilipokuwa ikikua au ilipopasuka na kujifunga tena. Ni kama chupa ya soda iliyofungwa kiwandani: mgandamizo uliokuwapo siku ya kufungwa umebaki ndani. Wataalamu hupima wingi wa hewa iliyobanwa humo, wakajua fuwele ilikuwa kina gani. Walipofanya hivyo kwa fuwele za mlipuko wa 2021, zikawaonyesha ghala lililo zaidi ya kilomita 20 chini. Ukoko wa dunia hapo unaishia kwenye kilomita kama 14. Ghala la moto uliouangusha mnara wa Todoque lilikuwa chini ya ukoko, mahali ambapo hakuna jembe, kisima wala mgodi uliowahi kufika.

Dalili zilikuwapo. Mnamo Oktoba 2017, miaka karibu minne kabla ya mlipuko, vyombo vya kupima tetemeko vilinasa mitikisiko midogo midogo chini kabisa ya Cumbre Vieja. Ikarudi mwaka 2018, ikarudi tena baadaye. Wengi juu ya ardhi hawakuhisi kitu. Tarehe 11 Septemba 2021 mitikisiko ikaongezeka na kuanza kusogea juu, na siku nane baadaye mlima ukafunguka. Wenye masikio ya chini walikuwa wamesikia.

Na hata jirani zetu wameyaona hayo. Wakomoro, ambao lugha yao na yetu ni ndugu, wanaishi juu ya visiwa vya volkano. Ngazidja ina mlima Karthala, ambao bado ni hai, na lava za kaskazini mwa kisiwa hicho, katika mlima uitwao La Grille, zimebeba mawe wageni ya kijani kama hili langu. Kule Maore, yaani Mayotte, volkano zilikuwa zimenyamaza kwa maelfu ya miaka. Mnamo Mei 2018 ardhi ikaanza kutikisika siku baada ya siku. Tetemeko kubwa zaidi, la tarehe 15 mwezi ule, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Wapo waliolala nje na watoto wao, hawajui kinachowatikisa. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ikakuta, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa, mlima mpya kwenye sakafu ya bahari, umeinuka mita kama 800. Leo unaitwa Fani Maoré. Kimya kingi kina mshindo.

Sasa tuje nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita, si katika usharika huu, niliitwa usiku kwenye nyumba ya mzee mmoja. Mjukuu wake wa miaka saba alikuwa amevunja kikombe cha chai. Kikombe cha kawaida, cha dukani. Mzee, ambaye kila mtu alimjua kwa upole, aliinuka na fimbo, akampiga mtoto mpaka majirani wakaingilia, kisha akawafukuza wote nyumbani. Nilimkuta ameketi peke yake kwenye kigoda, mikono inatetemeka. Nikamwuliza, "Baba, kumetokea nini?" Akasema, "Sijui, Mchungaji. Imenijia tu."

Tulikaa. Sikuwa na neno la kumwambia, nikanyamaza naye. Taa ya chemli ilikuwa katikati yetu. Baada ya muda mrefu akaanza kusema, lakini si habari za kikombe. Alisema habari za shamba. Miaka kumi na mmoja nyuma, yeye akiwa amelazwa hospitalini, mdogo wake aliuza sehemu ya shamba la baba yao, na pesa zikaliwa. Alipotoka hospitalini alinyamaza, kwa sababu alikuwa mkubwa, kwa sababu ni aibu ndugu kushtakiana, kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa. Hakumwambia hata mke wake. Miaka kumi na mmoja alimpa mdogo wake mkono kila Jumapili mlangoni mwa kanisa.

Kikombe kilikuwa ule upande mpya wa jiwe, uliovunjika jana. Ukingo mpana ulikuwa upande wa pili, ambao hakuna aliyeutazama.

Bwana wetu anasema katika Luka sura ya sita kwamba mti hujulikana kwa matunda yake, na kinywa hakitoi kingine ila kile kilichoujaza moyo. Tumezoea kulisoma neno hilo kama hukumu: umetukana, basi wewe ni mtukanaji. Naomba wiki hii tulisome pia kama mwaliko. Kinachotoka ni habari ya kilichomo. Ukiona kinywa chako kimetoa moto kwa jambo dogo, usiishie kuomba radhi kwa kikombe tu. Kiokote hicho kilichotoka, kitazame kwenye mwanga, ujiulize: hiki kimekaa ndani yangu tangu lini?

Nami nasema haya nikiwa mmoja wenu. Mwaka nilipomzika baba yangu nilirudi madhabahuni Jumapili iliyofuata, nikihubiri kwa sauti kubwa kuliko kawaida, watu wakanisifu kwa imani. Miezi minane baadaye nikawafokea wanakwaya kwa kuchelewa dakika kumi. Walinitazama kwa mshangao, kwa maana nilichowafanyia hakikulingana na dakika kumi. Kililingana na kaburi.

Basi tufanye nini na yaliyo chini? Jambo la kwanza ni kumkaribisha mgeni. Habari za chini haziletwi na wale ambao tungependa kuzisikia kwao. Mara nyingi anayezileta ni mtoto anayeuliza kwa nini mama hali chakula, au mke anayesema, "Siku hizi hulali." Wakati mwingine ni mzazi mwenzako kwenye kikao anayegusa lile ambalo ukoo mzima umekubaliana kulifunika. Tunamwona mgeni huyo kama mkorofi, tunamnyamazisha, tunamwambia hayo yamepita. Lakini yeye ndiye jiwe la kijani katika lava nyeusi, na amebeba habari ambayo hukuweza kuipata kwa njia nyingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukimfukuza, hujaufukuza moto. Umejinyima tu habari zake.

Jambo la pili lilinigusa zaidi ya yote katika mazungumzo yangu na yule kijana. Nililipima jiwe mkononi nikaona ni zito kuliko nilivyodhani. Akanieleza kwamba peridotiti ni nzito kuliko magma. Kama kiasi fulani cha maji kingekuwa na uzito wa moja, kiasi hichohicho cha magma kingekuwa na kama mbili nukta saba, na cha jiwe hili la kijani tatu nukta tatu. Maana yake ni kwamba jiwe hili, likiachwa katika magma iliyotulia, linazama. Haliwezi kuelea kamwe. Njia pekee ya kufika juu ni kuchukuliwa na mkondo unaopanda kwa kasi kuliko lenyewe linavyozama.

Nikakaa kimya nikikumbuka Zaburi ya 40, pale mtunga zaburi anapomshukuru Mungu aliyemtoa katika shimo na utelezi, akaisimamisha miguu yake mwambani. Hakutoka. Alitolewa. Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa na uzito usiousema, labda umejaribu mara nyingi kujiinua, ukajilaumu kwamba unazama tena. Ni kweli, unazama. Wewe ni mzito kuliko kinachokuzunguka. Habari njema haisemi kwamba wewe ni mwepesi. Inasema kwamba neema ya Mungu inapanda kwa kasi kuliko kuzama kwako. Yule aliyeshuka mpaka kuzimu, kama tunavyokiri katika imani yetu, hakushuka kutembea. Alishuka kubeba.

Na jambo la tatu liko katikati ya jiwe. Ukingo umebadilika, ndiyo. Miaka ya moto imeuingiza chuma, rangi yake si ile ya kwanza. Lakini kwa mawe mengi ya La Palma, wapimaji walipofika kwenye kiini cha chembe, walikuta bado ni vilevile: sehemu tisa za magnesiamu, sehemu moja ya chuma, kama siku lilipokuwa bado ukutani mwa dunia. Moto umefika hapa, haujafika pale. Na kwa hakika, ni kwa sababu kiini kimebaki ndiyo maana ukingo unaweza kusomwa. Kama vyote vingegeuka, hakuna ambaye angejua jiwe lilikuwa nani.

Nimewaona watu walioungua. Mama aliyezika watoto wawili. Kijana aliyerudi kutoka jela. Binti aliyefanyiwa na ndugu jambo lisilotamkika. Wanakuja wakisema, "Mchungaji, mimi si yule tena." Kweli, ukingo si ule tena, na sitakudanganya kwamba utarudi kuwa ule. Lakini Mungu aliyekufuma ulipokuwa sirini, kama isemavyo Zaburi ya 139, anakijua kiini chako, na sura yake aliyoitia humo moto haukuifikia. Yeye anasoma vyote viwili. Ukingo, ili ajue umepita wapi. Kiini, ili akuite kwa jina lako.

Katika somo letu la kwanza, Ayubu anasema neno la ajabu: juu ya ardhi unatoka mkate, na chini yake pamepinduliwa kama kwa moto. Anaviweka viwili hivyo katika pumzi moja. Nilidhani ni lugha ya mashairi mpaka nilipojua habari za Lanzarote, kisiwa kingine cha Kanari. Huko ardhi ilifunguka tarehe 1 Septemba 1730, na moto haukukoma mpaka mwaka 1736. Karibu robo ya kisiwa ilifunikwa. Kasisi wa kijiji cha Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, aliandika aliyoyaona: vijiji vilivyomezwa, samaki waliokufa wakaletwa na maji ufukweni, mifugo iliyoanguka kwa hewa mbaya. Mwishoni alilazimika kuondoka na waumini wake kwenda kisiwa cha Gran Canaria. Lava za miaka ile nazo zimebeba mawe ya kijani.

Waliorudi walikuta mashamba yao chini ya majivu meusi. Lakini wakagundua kwamba majivu yale yanashika umande wa usiku na kuuzuia usikauke. Basi katika bonde la La Geria wakachimba mashimo, kila shimo likapenya majivu mpaka kwenye udongo wa zamani ulio chini, wakapanda humo mzabibu mmoja, wakauzungushia ukuta mfupi wa mawe ya volkano wa kuukinga na upepo. Mashimo hayo yapo mpaka leo, maelfu, kila moja na mzabibu wake wa kijani katikati ya weusi. Tazameni walichokifanya. Hawakujifanya kwamba majivu hayapo. Waliyachimba mpaka wakaufikia udongo, ndipo wakapanda.

Yule mzee wa kikombe alifanya hivyohivyo asubuhi ya pili. Alimwita mjukuu wake, akamketisha, akamwambia, "Njoo. Babu yako alikosea. Si wewe." Kisha akatuma mtu kwa mdogo wake. Mambo ya shamba hayajaisha mpaka leo, na sijui kama yataisha hapa duniani. Lakini sasa yanazungumzwa mchana, mezani, penye chai. Na mtoto yule anaingia kwa babu yake bila kuogopa.

Wiki hii nawaomba jambo moja tu. Kumbuka mara ya mwisho ulipolipuka, au ulipomwona mtu wako akilipuka, ukasema ni ghafla. Chukua kile kilichotoka, neno lile hasa, ulilete mbele za Mungu, umwombe akuonyeshe ukingo wake. Kama ni lako, mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie umri wake. Kama ni la mwenzako, nenda ukaketi naye, wala usiende na jibu. Keti tu, mpaka aseme habari ambazo si za kikombe.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe unayezijua njia ambazo jicho la tai halijaziona, unayajua na maghala yaliyo ndani yetu. Tumeficha mengi kwa miaka, tukawashika ndugu zetu mikono mlangoni pako. Utuletee mgeni wako atuambie ukweli, na utupe moyo wa kumpokea. Tunapozama, utubebe. Tulipoungua, ututazame mpaka ndani, na ukute bado ni wako. Uwakumbuke watu wa La Palma waliopoteza nyumba na kanisa lao, na jirani zetu wa visiwa vya Komoro wanaolala juu ya milima ya moto. Utupe mkate juu ya ardhi hii, na amani yako chini yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.